Zombe Hadi Kalamba Bila Gia ya Nyuma

Tangu nirudi hakuna aliyeniacha ninywe chai kwa amani. Kila anayeingia dukani kwangu hununua chumvi, halafu husimama. Chumvi haimshiki mtu dukani nusu saa, kwa hiyo najua anachotaka. Mliniona nikiondoka Zombe ndani ya lori la marehemu Baba Mwende, nikiwa na Kilonzo dereva, na baada ya siku tisa mkaniona nikishuka kwenye basi peke yangu na kopo la asali. Lori hamkuliona, Kilonzo hamkumwona. Wengine mmesema nimeliuza, wengine eti liko chini ya mto. Basi naandika mara moja tu, Mwende binti yangu awasomee, na atakayeniuliza tena atanunua kwanza kilo mbili za sukari.

Wa umri wangu mnakumbuka lori hilo lilipofika. Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni. Baba Mwende na rafiki yake Nzioka wa Kalamba walikuwa madereva wa tajiri mmoja, wakaweka akiba miaka mingi, wakaenda Nairobi pamoja na kurudi na malori mawili ya kijani, yanafanana hata mama yao asingeyatofautisha. Moja likaja kwetu, jingine likaenda Kalamba. Urafiki wao ulikuwa wa namna hiyo. Mwaka ule wa ukame mkubwa, nyasi zilipoisha huku, ng'ombe wetu saba walipelekwa kwa Nzioka awachunge. Mnajua desturi yetu: maziwa ni ya anayechunga, ng'ombe ni wa mwenyewe. Mvua iliponyesha walirudi wanane.

Siku hizo tairi mpya ilikuwa mbuzi wawili. Baba Mwende alipima kila kitu kwa mbuzi, kwa sababu mbuzi ndio aliowauza kununulia. Mbuzi wawili wakawa wanne, wanne wakawa fahali mmoja, na mwaka huu shilingi ilipoporomoka niliacha kupima. Lori jipya sasa si la mtu wa kawaida. Hata kuukuu ukitaka kulitunza, linakula kuliko wana saba.

Mwezi wa saba gia ya nyuma ikakatika meno. Fundi wa Kitui akafungua, akatazama, akapangusa mikono.

"Mama, rivasi imeenda," akaniambia. "Na hizi zingine zinaifuata. Mvua ya Novemba haitazipata."

Giaboksi mpya, tulipouliza, bei yake ilipita ile Baba Mwende aliyonunulia lori zima. Mwende alikuwa ameshaongea na wanunuzi wa chuma chakavu waje walikate vipande. Nilimwambia anipe muda hadi mvua, nikalia jikoni asinione. Ndipo fundi akakumbuka: "Kuna ingine kama hii, iko kwa mzee mmoja Kalamba. Hiyo ilikufa injini tu. Giaboksi yake iko sawa."

Mzee huyo alikuwa Nzioka. Sikuwa nimemwona tangu alipokuja kutufariji baada ya mazishi. Nikapiga moyo konde.

Zombe hadi Kitui mjini

Kilonzo alianza kazi kwa Baba Mwende kama tanboi, yule anayepakia mizigo na kuweka mawe nyuma ya magurudumu mlimani. Sasa ana mvi, ana wajukuu, na bado hujibu kwanza kwa kukohoa. Tulipakia magunia ya ndengu ya kupeleka Tawa ili safari ijilipie dizeli, tukaondoka asubuhi.

Gari lisiloweza kurudi nyuma humfundisha mtu adabu. Kabla ya kuingia popote lazima ujue utatokea wapi. Kilonzo alikuwa akisimamisha lori mbali, anashuka, anatembea mbele akiangalia kama mtu anayetafuta shilingi iliyomdondoka, halafu anarudi na kusema, "Hapo tunaweza," au, "Hapo hapana."

Kitui aliona kituo cha mafuta kina mlango wa kuingilia na wa kutokea, akasema hapo tunaweza. Tulipomaliza kujaza, gari dogo jeupe lilikuwa limefunga mlango wa kutokea. Mwenyewe, kijana wa tai, alikuwa hotelini ng'ambo ya barabara. Nilimfuata.

"Rudisheni tu kidogo mpitie ule upande mwingine, mama," alisema bila kuacha kula.

"Hatuna gia ya nyuma."

Alinitazama kama niliyesema sina visigino. Akasema akimaliza atakuja. Basi nami nikaagiza chapati na maharagwe, nikakaa meza yake, nikamtazama usoni kila alipopeleka kijiko mdomoni. Aliacha nusu sahani.

Kitui hadi mto Athi

Barabara ile ninaipenda. Zamani nilikuwa nikikaa hapo hapo karibu na dirisha, Mwende mapajani, na Baba Mwende kila akifika kwenye mteremko alipiga honi mara mbili, hata kama hakuna mtu. Nilipomuuliza kwa nini, alisema anaisalimu barabara. Lori hilo limebeba kwaya hadi mikutano ya injili, limebeba mabibi harusi na vitanda vyao, limebeba mahindi ya njaa. Nilipolisikia likikohoa mlimani nilijiona mwizi, namtoa mgonjwa kitandani ili nimtafutie dawa kwa miguu yake mwenyewe.

Kwenye daraja, ambalo hupitisha gari moja tu, tulikutana uso kwa uso na lori la kabeji. Sisi tulikuwa tumeingia hatua chache, naye vivyo hivyo. Dereva wake alishuka, mtu wa kutoka Nyandarua, mnene, mwenye kofia ya sufu katika jua lile.

"Rudi nyuma mzee," alimwambia Kilonzo. "Wewe ndio umeingia mwisho."

Kilonzo akakohoa. "Hii haina rivasi."

"Kila mtu akifika hapa anasema hana rivasi."

"Panda ujaribu mwenyewe."

Akapanda kweli, akasukuma gia. Ule mlio mliosikia hapa sokoni ulitoka, wa meno yanayosagana. Alishuka polepole, hasira zimeisha.

"Pole sana," akasema. "Lakini sasa tuko na shida. Mimi niko na rivasi, lakini sina vioo. Viliibiwa, na bei ya vioo vipya, heri nigeuze shingo."

Kabeji zake zilikuwa zimepanda juu kuliko nyumba, hata shingo ya twiga isingemfaa. Kilonzo hakutaka kuacha breki zetu, maana nazo zina mambo yao. Kwa hiyo mimi, mwanamke wa miaka sitini na duka langu, nilivuka daraja kwa miguu nikasimama nyuma ya lori la mtu nisiyemjua, nikipunga leso na kupiga kelele: "Njoo, njoo, kata kushoto, njoo." Nimeishi na lori zaidi ya miaka ishirini na siku hiyo ndiyo nilipokuwa tanboi. Alirudi nyuma mpaka pembeni, tukapita.

"Mama, ukichoka na biashara uje nikuandike kazi," aliniambia, akatupa kabeji nne.

Kilonzo alicheka hadi Wamunyu. Alisema siku hizi hakuna gari zima barabarani, kila mtu anaendesha kipande. Tulilala Masii kwa binamu yake.

Tawa

Tawa tulifika kabla ya saa sita. Mwenye stoo ya nafaka alitaka tuingie hadi mlangoni, Kilonzo akatazama akasema hapo hapana. Tukaegesha barabarani, mbele yetu wazi kabisa, tukaanza kushusha ndengu. Gunia la mwisho lilipotoka, trekta lilikuja likamwaga mchanga mbele ya lori letu, lundo zima, likaondoka. Kumbe kanisa lililopakana na stoo lilikuwa linajenga ukuta.

Nyuma palikuwa wazi na mbele pamefungwa. Wakati huohuo kina mama walikuwa wakitoka kwenye maombi yao ya mchana, kama ishirini hivi. Niliwaendea.

"Tusaidieni kusukuma lori," nikasema.

Sikumaliza. Waliweka vyondo chini, wakafunga leso viunoni, wakaenda nyuma ya lori, mmoja akaanza wimbo wa kazi. Mtu gani aliwahi kusukuma lori kurudi nyuma? Kilonzo, aliyekuwa ameshaachia breki akitafuta jiwe, alipiga kelele lakini wimbo ulimshinda. Lori likapanda lundo la mchanga kwa magurudumu ya mbele, likasimama hapo kama mbuzi juu ya kichuguu.

Kina mama walirudi mbele kuangalia wamefika wapi. 

"Sasa huu mchanga ni wa nani?" nikauliza.

"Ni wetu," akasema mmoja, na hapo wote tukacheka hadi machozi.

Kulitoa kulichukua kamba mbili na saa nzima, kwa wimbo uleule, safari hii tukivuta kinyumenyume. Kisha hawakukubali tuondoke. Walitupikia muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa yakapikwa na maharagwe, wakaongeza kabeji zetu mbili. Walipojua tunakwenda kutafuta giaboksi, mama mmoja mzee alisimama akafumba macho.

"Baba, wewe njia haijakushinda, ya mbele ama ya nyuma. Huyu dada ametoka mbali. Mpatie hiyo giaboksi. Kama sio hiyo, mpatie ile iko bora."

Nilisema amina kwa sauti. Ile sehemu ya mwisho sikuitilia maanani.

Kalamba

Siku ya tatu asubuhi tulipita mji wa Wote tukashuka Kalamba. Kwa Nzioka kunaingiwa kwa njia nyembamba yenye mkonge pande zote mbili, haina mahali pa kugeuzia. Kilonzo alitembea hadi mwisho akarudi.

"Hapo hatuwezi kutoka," akasema. "Tukiingia tutatoka na giaboksi, ama tubaki."

Tukaingia. Karibu na boma alipiga honi mara mbili, kama marehemu. Mzee Nzioka alitoka nyumbani na fimbo yake, akavua kofia, akaja moja kwa moja akaweka mkono juu ya boneti akalia. Nilijua analilia rafiki yake, na mimi nikalia.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa sababu hapa ndipo tulipokosana bila kukosana. Kwetu mgeni haulizwi kilichomleta kabla hajala, na mgeni naye hafungui mdomo kuhusu shida yake mwenye nyumba akiwa bado anachoma nyama. Nzioka aliamuru mbuzi achinjwe. Nilijaribu kumzuia, akasema siku kama hii haiji mara mbili. Majirani walikuja. Walinishika mkono wakaukawiza, na mama wawili wakapiga vigelegele. Nikawaza moyoni, watu wa huku Makueni wanapenda wageni. Nilikula mbavu, nikanywa supu, Kilonzo akaongezwa paja.

Tuliponawa mikono, Mzee Nzioka alisimama mbele ya wote.

"Mama Mwende, Mungu akubariki," alisema. "Nilituma neno kwako miaka mitatu iliyopita. Nilisema, siku hiyo lori ikichoka, niletee injini yake niamshe yangu. Nilifikiria hukupata habari. Leo umeniletea."

Kilonzo aliacha kuchokoa meno. Mimi neno hilo sikuwahi kulipata.  Ningeweza kunyamaza hadi kesho, lakini watu walikuwa wameanza kupiga makofi.

"Mzee Nzioka," nikasema, "unisamehe. Mimi nimekuja kuomba giaboksi ya yako."

Makofi yalikufa moja moja. Mzee aliketi. Akaichora ardhi kwa fimbo.

"Kumbe," akasema mwishowe, "kila mmoja alikuwa anangojea ya mwenzake ife."

Alitupeleka nyuma ya ghala kutuonyesha lori lake. Liko juu ya mawe, tairi hazigusi ardhi, na rangi ya kijani imetunzwa kuliko yangu. Kilonzo alinyoosha mkono afungue mlango, mzee akamzuia kwa fimbo. Ndani mlikuwa na nyuki, mzinga mzima umejengwa chini ya usukani, na kwenye mlango Nzioka alikuwa amechora alama ya ukoo wake, ileile wazee huchora kwenye mizinga ili asali isiguswe na mtu. Alisema wanunuzi wa chuma chakavu wamekuja mara tatu, mara ya tatu nyuki wakawasindikiza hadi barabarani. Watoto wake pia humwambia auze. Machungwa yake huozea shambani kwa sababu kukodi lori siku hizi kunamaliza faida yote.

Mwanawe Musyoki ni fundi. Yeye na Kilonzo walilala chini ya lori hili, kisha chini ya lile, wakatoka na majani vichwani.

"Inaweza toka lori moja," Musyoki alisema. "Mbili, hapana."



Asubuhi yake Mzee Nzioka alinikuta nikiosha uso. "Musyoki atafukuza nyuki na moshi, akutolee giaboksi," akasema. "Uende nayo. Hiyo mbuzi yangu haikuwa hongo."

Nilikuwa nimepata nilichokijia. Nilipaswa kufurahi, na nawaambia ukweli, sikufurahi. Nilienda nikasimama kati ya malori yale mawili. Langu lilihitaji giaboksi leo. Lakini springi za nyuma zimelala, pampu ya dizeli inavuja, tairi mbili zimeisha, na dirisha la upande wa Kilonzo limeshikwa na kipande cha mti. Yote hayo yalikuwa pale mbele yangu, mazima, juu ya mawe. Zombe ningefika na giaboksi nzima na lori lenye njaa, na mwakani wanunuzi wa chuma chakavu wangerudi. Hapa lingekula miaka kumi bila kutia mguu Nairobi.

Nikawakumbuka ng'ombe wetu saba wakitembea kuja huku, mbavu nje. Baba Mwende hakuwauza. Aliwapeleka kulikokuwa na nyasi.

"Mzee Nzioka," nikamwita. "Unakumbuka mwaka ule wa ukame?"

"Nakumbuka. Walikuja saba."

"Walirudi wanane."

"Wanane, ndio."

"Basi nimekuletea mwingine umchunge. Maziwa ni yako."

Alielewa kabla sijamaliza. Alivua kofia akajifunika nayo uso, akasimama hivyo. Mimi iliniuma. Iliniuma kama kumzika mtu mara ya pili, na sioni haya kuliandika. Kilonzo alisikia yote. Alichukua kitambaa akaanza kuosha kioo cha mbele, ambacho kilikuwa safi.

Baadaye alikuja akakohoa. "Na mimi, Mama Mwende, nitaendesha nini?"

"Utabaki mwezi mmoja umfundishe Musyoki. Hajui ule mlango unafungwa kwa goti."

"Hiyo ni kweli," akasema, akapata nguvu kidogo.

Kurudi

Kazi ya kuhamishia lori langu giaboksi na vipuri vya lake ilichukua siku nne. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nilipewa kapu nikachuma machungwa. Nyuki walihamishwa kwenye mzinga wa mti, na masega ya kwanza Nzioka akanijazia kopo. Alisema hayo ni maziwa ya kwanza, na kwamba atatuma mengine. Funguo za lori zilikuwa mbili. Mmoja nilimwachia, wa pili uko hapa dukani kwenye msumari, ndiyo maana Mwende anapouliza nimeliuza bei gani ninamwonyesha msumari.

Asubuhi ya kuondoka walinipeleka barabarani kungoja basi, lori likiwa limegeuzwa bomani polepole kwa rivasi mpya, Kilonzo kwenye usukani, mzee kando yake, mimi dirishani pangu. Basi likatokea. Nikashuka. Njia ile ya mkonge haina pa kugeuzia, na basi lilikuwa limeziba barabara, kwa hiyo Kilonzo akaingiza rivasi. Iliingia bila mlio wowote. Akatoa kichwa dirishani akitazama nyuma, lori likaanza kurudi.

Miaka yote nimelitazama lori hilo likiondoka, na kila mara nilichoona ni mgongo wake, vumbi, na mkono wa Baba Mwende nje ya dirisha. Siku hiyo liliondoka likinitazama. Taa zake mbili zilikuwa usoni mwangu, zinakwenda zikipungua, na honi ikalia mara mbili.

Kondakta aliniuliza kama ninapanda au ninabaki. Nilimwambia angoje kidogo, bado linaonekana.